Acheni Kumwambia Mtoto Acheke

Nenda kwenye bethidei yoyote ya mtoto hapa Dar es Salaam, kisha subiri kamera itolewe kwenye begi. Shangazi ndiye anayeanza: "Mwangalie anko! Mwangalie anko huku!" Mama mdogo anadakia: "Cheka, mama! Toa meno!" Bibi anapiga makofi, jirani anatikisa funguo, kaka mtu anarukaruka nyuma ya mpiga picha. Katikati ya mkutano huo yuko binti wa miaka mitatu ndani ya gauni la kuvimba, mpira wake unambana kwapani, na kila mtu anamwambia lake. Anachofanya ni kile ambacho hata mtu mzima angefanya: anakunja uso, au anatoa meno yote nje huku macho yamemtoka kama amekabwa. Hiyo ndiyo itakayotundikwa sebuleni.

Msimamo wangu, na nimeshabishana nao na wateja wengi, ni kwamba anayeharibu picha ya mtoto mdogo si mtoto. Ni sisi watu wazima tuliojipanga nyuma ya kamera.

Hayo meno yasiyo na macho yana sababu yake. Daktari mmoja Mfaransa, Guillaume Duchenne, alieleza mwaka 1862, tena kwa kutumia picha, kwamba kicheko cha kweli kinahitaji misuli ya aina mbili. Kuna ile ya mashavuni inayovuta pembe za mdomo, ambayo mtu huiamuru atakavyo. Na kuna ile inayozunguka jicho, ambayo kwa maelezo yake haitii amri. Inakuja yenyewe furaha ikija. Kwa hiyo ukimwamuru mtoto acheke, unapata nusu ya chini ya kicheko. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hata hiyo hakupi, atakukodolea macho tu. Akifika miaka mitatu, minne, ameshajifunza kwetu kutengeneza uso wa kamera, na wazazi wanafurahi: "Huyu anajua kupozi!" Anajua, ndiyo. Ila kuanzia hapo kumpata yeye mwenyewe ni kazi.

Halafu, ni nani aliyetuambia kwamba lazima acheke? Mtazame mtoto anayejaribu kufunga kamba ya kiatu, au aliyechuchumaa akifuatilia sisimizi wanaoburuta punje ya ugali. Ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, paji limekunjamana, pumzi ameishika. Uso huo una mambo mengi kuliko vicheko vyote vya mezani pa keki.

Siwadharau wazee wa studio, na sipendi vijana wanaozicheka picha za zamani kwa sababu watu wamesimama wima kama milingoti. Walikuwa na sababu. Karne ya 19 picha moja ilichukua sekunde nyingi kuingia kwenye sahani iliyotumika kabla ya mkanda, na mtoto hatulii sekunde nyingi. Huko Ulaya mama alifunikwa shuka ajifanye kiti, amshikilie mwanawe asitikisike. Hata baadaye, Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio pale Zanzibar mwaka 1930, kila picha iliyopigwa ilikuwa pesa. Na wengi wetu tunaukumbuka mkanda wa picha 36, ambao ulilazimika kuutumia kwa akili kabla ya kuupeleka kusafishwa. Ukiwa na picha moja tu ya Idi kwa familia nzima, utamwambia mtoto asimame vizuri, na utakuwa na haki. Sisi wenye simu inayopiga picha kumi kwa sekunde moja tunang'ang'ania amri hizo za nini?

Ninavyofanya mimi hakuna uchawi. Kamera nainyamazisha sauti na flashi naizima. Nikifika kwa watu sianzi kupiga. Nakaa sakafuni, kwenye mkeka, naongea na wakubwa, namwacha mtoto anizunguke, anichunguze. Kamera iko mapajani, akitaka kuigusa aiguse. Baada ya muda nimeshakuwa mgeni wa kawaida tu, na yeye amerudi kwenye shughuli zake. Kukaa chini kuna faida nyingine pia: ukimpiga mtoto umesimama unapata utosi na mabega, na anaonekana mfupi kuliko alivyo. Ukiwa usawa wa macho yake, unaiona dunia yake: miguu ya meza, upindo wa kanga ya mama, paka.

Kisha namtafutia kazi, maana mtoto mwenye kazi hana habari na kamera. Kuna nyumba moja huko Tanga niliitwa kumpiga picha binti wa miaka minne, na mama yake alikuwa ameandaa viatu vya kung'aa na kiti chenye mto. Mtoto aligoma kabisa, akanuna. Bibi yake alikuwa kibarazani anachambua mchele, basi nikamwomba, "Bibi, huyu hawezi kukusaidia?" Akasogezewa ungo. Bibi akamwonyesha chuya, akamwonyesha na mawe. Binti akainamisha kichwa mpaka vibutu vyake vikagusa ukingo wa ungo, akaanza kuokota punje kwa vidole viwili, moja moja, na kila jiwe alilolipata alilinyanyua kwenye mwanga akalikagua kabla ya kulitupa uani. Viatu alikuwa ameshavivua. Mwanga wa uani ulikuwa unampiga ubavuni, na mchele ule mweupe ulikuwa unarudisha mwanga usoni mwake kutoka chini, kitu ambacho studio ingehitaji ubao maalumu kukipata. Mama alipoziona picha aliniuliza, "Mbona hacheki?" Bibi akaivuta simu, akatazama, akasema, "Hapa ni marehemu babu yake mtupu, alivyokuwa akihesabu pesa." Picha iliyochapishwa kubwa ikawa hiyo.

Kuhusu mwanga, pwani yetu haina huruma. Dar es Salaam jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, na hata miezi mingine saa sita mchana si saa ya kumpiga mtu picha nje: macho yanageuka mashimo meusi na paji linang'aa. Tumia asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi na moja. Ila jioni zetu usizichezee. Huku karibu na Ikweta jua likianza kushuka linashuka kweli, ukizubaa kumbembeleza mtoto avae kiatu utakuta giza. Ukilazimika kupiga mchana, ingia kwenye kivuli cha kibaraza au simama mlangoni, mtoto akiwa ndani kidogo na uso umeelekea nje. Mlango ulio wazi ni taa nzuri kuliko nyingi zinazouzwa Kariakoo.

Na ngozi zetu. Kamera haijui inapiga nini. Inakadiria tu kwamba jumla ya kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Mtoto mweusi aliyevaa kanzu nyeupe, mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, na uso unabaki kivuli. Kwenye simu gusa uso wa mtoto kwenye kioo, kisha pandisha mwanga kidogo kwa kidole. Usiogope kanzu kung'aa, hukuja kupiga kanzu. Jambo hili lina historia yenye uchungu: kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na sisi wengine tukatoka tulivyotoka. Ni mwaka 2021 ndipo Google walipoitangaza simu yao ya Pixel 6 kwa kujisifu kwamba sasa inatendea haki ngozi nyeusi. Kheri kuchelewa.

Vifaa vingine sitavisemea sana. Mwenye kamera, kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, isishuke chini ya 1/250 ya sekunde kwa mtoto aliyekaa na 1/500 kwa anayekimbia. Afadhali picha yenye chenga kidogo kuliko iliyotikisika. Mwenye simu, usimsogelee mpaka puani, pua itavimba. Rudi nyuma hatua mbili na utumie lenzi ya kuvuta. Ile modi ya kufifisha mandhari iache kwa watu wazima wanaotulia, kwa mtoto anayerukaruka hukata ncha za nywele na kumeza sikio.

Sasa kuna wanaolielewa vibaya hili la "picha ya kawaida". Wapo wanaodhani uhalisia maana yake ni kamasi, tumbo wazi na vumbi, na watalii wetu wengi wanaipenda sana biashara hiyo: anashuka kwenye gari, anapiga watoto wa watu barabarani, anaondoka. Mimi mtoto nikimkuta ana kamasi namwita mama yake amfute kwanza, au namfuta mwenyewe. Hakuna uhalisia uliopotea hapo. Mtoto anayeogeshwa simpigi, hata kama wazazi wanaona ni kichekesho, kwa sababu yeye ndiye atakayeishi na picha hiyo akiwa kidato cha pili. Na nyumba ambayo mtoto hajatoka arobaini, wakisema picha bado, basi bado. Sibishani na watu kuhusu kijicho wakiwa nyumbani kwao.

Kwa mzazi anayetaka ile ya kusimama wima na kutabasamu, ninampa pia. Naipiga mwanzoni, haraka, ili bibi wa kijijini aridhike, halafu naomba wakubwa wote waende wakanywe chai. Sharti hili limenikosesha kazi mara kadhaa, kwa sababu mtu aliyelipa hela yake hapendi kufukuzwa kwenye sebule yake. Lakini anayekubali hurudi mwaka unaofuata.

Limebaki suala la kuzirusha mitandaoni, na hapa sheria imeshatutangulia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya wana yao tangu 2019, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi wadogo mtandaoni bila ridhaa ya wazazi wao. Picha za kawaida ndizo hatari zaidi hapa, kwa kuwa hukuzipanga: nyuma ya mtoto uliyemlenga yumo wa jirani, na begani mwa wa jirani kuna sare inayoonyesha anasoma wapi. Kabla ya kumkabidhi mteja kazi yake nazipitia zote nikitafuta watoto wasiohusika. Nikimkuta mmoja, namtafuta mama yake na kumwonyesha kwenye kioo. Wengi hucheka na kuomba watumiwe. Akisema futa, nafuta mbele yake, kisha naingia kwenye kile kikapu cha picha zilizofutwa na kufuta tena, maana simu hizi huzihifadhi siku 30 au 60 kabla ya kuziondoa kabisa.