Manukuu Yasichomwe Kwenye Picha

Kila nikipokea video ambayo manukuu yake, yaani maandishi ya mazungumzo yanayopita chini ya skrini, yamechomwa kwenye picha yakawa sehemu yake, namwonea huruma aliyeihangaikia. Amesikiliza, ametafsiri, amepanga muda wa kila sentensi, halafu kazi yote hiyo akaifunga mahali asipoweza tena kuifikia. Herufi iliyokosewa dakika ya arobaini haitarekebishika. Mwenye macho dhaifu hawezi kuyakuza maandishi, na anayeielewa lugha ya wahusika hawezi kuyazima. Msimamo wangu ni kwamba manukuu ni maandishi, na yabaki kuwa maandishi hadi mwisho.

Nadhani wengi wanakimbilia kuchoma kwa sababu wanaliogopa faili la manukuu, wakidhani ni jambo la mafundi. Fungua faili la SRT, aina ya kawaida ya faili la manukuu, kwa programu yoyote ya kuandikia, hata Notepad, utakuta kitu kama hiki:

12
00:01:15,200 --> 00:01:18,000
Ng'ombe hawajarudi.
Nani amewaona?

Basi, hakuna kingine. Namba ya kipande, muda wa kuingia na wa kutoka, maneno, kisha mstari mtupu kabla ya kipande kinachofuata. Kabla ya ile 200, ambayo ni milisekunde, kuna mkato. Ukiweka nukta, kuna programu zitakazokuvumilia na kuna zitakazonyamaza tu, usijue tatizo liko wapi. Nukta ni ya WebVTT, aina inayotumika kwenye kurasa za wavuti, ambayo mstari wake wa kwanza lazima uwe na neno WEBVTT.

Hapo kwenye ng'ombe pana mtego. Programu za kuandikia barua hupenda kuipinda ritifaa (alama hiyo ya ') zenyewe, na faili likihifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi, halafu likasomwa kwa mfumo wa zamani wa Windows, mtazamaji anaona ngâ€™ombe. Nyoosha ritifaa zako, hifadhi kwa UTF-8, na hutasumbuka.

Faili likishakuwa tayari, njia rahisi kuliko zote ni kuliweka folda moja na video na kuyapa yote mawili jina lilelile: safari.mp4 na safari.srt. VLC, programu ya kuchezea video, italiona yenyewe. Lakini mafaili mawili hupoteana yakihamishwa, kwa hiyo mimi hupendelea kuyaunganisha. Programu ya MKVToolNix inayapokea yote mawili na kukutolea faili moja la video la aina ya MKV kwa muda mfupi tu, kwa kuwa picha haiguswi, inahamishwa kama ilivyo. Ndani ya MKV hiyo unaweza kuweka manukuu ya lugha tatu, na mengine ya Kiswahili kwa ajili ya viziwi, yanayoeleza pia kwamba mlango unagongwa au simu inalia. Mtazamaji anachagua. Ukitaka kubaki na MP4, FFmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, inafanya kazi hiyo kwa amri moja:

ffmpeg -i safari.mp4 -i safari.srt -c copy -c:s mov_text -metadata:s:s:0 language=swa mpya.mp4

Kuchoma ni habari nyingine. Kompyuta inalazimika kuifungua kila fremu, yaani kila picha moja moja inayounda video, kuandika juu yake, na kuibana upya. Saa moja ya video ya fremu 25 kwa sekunde ni fremu 90,000. Unangoja, feni inavuma, na picha inatoka imepungua ubora kidogo.

Najua mtakachoniambia: video inatumwa kwenye magumzo ya simu, inatazamwa bila sauti, na programu hizo haziyaoni manukuu yaliyomo ndani ya faili. Ni kweli, na hapo sina ubishi. Choma, ila choma nakala. Programu ya HandBrake itakusaidia. Video safi na SRT yake vibaki kwako, ili kesho mtu akikuonyesha kosa, urekebishe mstari mmoja na kuchoma nakala nyingine.

Kuhusu muda, watu husema tu kwamba manukuu "yamepishana", kumbe kuna magonjwa mawili. Yakichelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, ni kuyasogeza tu. Kwenye VLC ya Windows vitufe vya G na H vinayasogeza kwa milisekunde 50 kila unapobonyeza. Lakini yakianza vizuri na kuachana na midomo polepole, huenda yalipangwa kwa video ya fremu 23.976 kwa sekunde na wewe unayo ya fremu 25. Baada ya saa moja tofauti inafika kama dakika mbili na nusu. Hapo kusogeza hakusaidii, inabidi muda wote uvutwe au ubanwe. Subtitle Edit inafanya hivyo, tena bure.

Pengine mnaniona nimezama kwenye vyombo, na kweli kinachoniudhi zaidi ni manukuu yasiyosomeka. Netflix inawataka watafsiri wake wasizidishe mistari miwili, na kwa lugha nyingi zinazoandikwa kwa herufi kama zetu kikomo ni herufi 42 kwa mstari. Kwa Kiswahili hiyo ni nafasi finyu: "walipotutambulisha" peke yake ni herufi 18. Lazima ukate maneno, na anayetafsiri kila "yaani" na kila "sasa unajua" anamnyima mtazamaji nafasi ya kuitazama picha. Halafu kuna pa kukatia mstari. Tazama:

Alikuja na mtoto wa
jirani yangu jana usiku.

Jicho linakwama kwenye "wa". Sogeza kidogo:

Alikuja na mtoto wa jirani yangu
jana usiku.

Herufi ni zilezile, ila hii inasomwa kwa mtupo mmoja wa jicho. Programu za kupanga mistari zenyewe hazilijui hilo, zinahesabu tu.

Ndiyo maana siwaamini wanaosema kazi hii sasa ni ya mashine. Whisper, programu iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, inasikiliza sauti na kukupa SRT, na mimi huitumia kupata rasimu na mipaka ya muda. Inaniokolea kazi ya kuchosha. Ila majina ya watu huyaharibu, na penye muziki au kimya huweza kutunga sentensi ambayo hakuna aliyeitamka. Kwa hiyo rasimu yake huipitia mstari kwa mstari, masikio yakiwa kwenye spika, na vipande vya muziki ndivyo navikagua kwanza.