Nani alishusha mishahara ya Storm Lake?

Storm Lake ni mji mdogo kaskazini-magharibi mwa jimbo la Iowa, Marekani, uliozungukwa na mahindi na soya. Sensa ya 1990 ilihesabu humo watu 8,769. Ya 2020 ikakuta 11,269. Kwa mkazi wa Dar es Salaam hao ni watu wa mtaa tu. Lakini tazama jirani: kaunti ya Pocahontas, upande wa mashariki, haina hata nusu ya watu iliokuwa nao 1950.

Tofauti imeletwa na nguruwe. Kiwanda cha nyama, mali ya Tyson tangu 2001, kimewavuta watu kutoka Mexico, Laos, Sudan na visiwa vya Micronesia. Kazi yenyewe ni kusimama kwenye baridi kali, kisu mkononi, ukikata kipande kilekile zamu nzima, hadi usiku vidole vinagoma kukunjuka. Wakongomani wanaokata nyama Waterloo, mashariki mwa jimbo hilohilo, hawahitaji kuelezwa.

Wenyeji wenye kinyongo husema wageni ndio walioshusha mishahara. Kwamba mishahara ilishuka ni kweli, ila kalenda inawakatalia. Kampuni ya Hygrade, iliyokuwa na chama cha wafanyakazi na malipo ya kumwezesha mtu asiye na digrii kujenga nyumba, ilifunga kiwanda 1981. Mwaka uliofuata kampuni nyingine ya nyama, IBP, ikakifungua upya, bila chama na kwa ujira mdogo. Walatino walianza kumiminika baadaye. Wa kulaumiwa alikuwa na ofisi, hakuja na begi mgongoni.

Hata hivyo, nami siwaungi mkono moja kwa moja wanaoshangilia kwamba wahamiaji wameufufua mji. Madarasa yamejaa, maduka ya Lake Avenue yana wateja, sawa. Ila furaha hiyo inasahau kirahisi mabega ya anayeilipia. Mwaka 1996 maofisa wa uhamiaji walivamia kiwanda na kukamata wafanyakazi. Nyama iliendelea kuhitajika, na mikono mingine ikatafutwa. Eneo hilohilo likamchagua mara kadhaa Steve King, mbunge aliyejulikana kwa maneno makali dhidi ya wahamiaji, hadi aliposhindwa kwenye kura ya mchujo ya chama chake 2020. Kumhitaji mtu saa kumi na moja alfajiri na kumkataa kwenye sanduku la kura: sijui kama wapigakura wenyewe huuona mgongano huo.

Wasiwasi mkubwa zaidi kwangu ni kutegemea mwajiri mmoja. Perry, mji mwingine wa Iowa wenye watu wasiofika 8,000, nao uliishi kwa nguruwe wa Tyson. Machi 2024 kampuni ilitangaza kufunga, na kufika mwisho wa Juni wafanyakazi wapatao 1,300, wenyeji kwa wageni, hawakuwa na kazi.