Zipu Imefungwa, Ndipo Mkojo Unabisha Hodi

Nani aliwadanganya watu kwamba kazi ngumu ya Ulaya ni kubeba maboksi? Kazi ngumu ni kumtoa nje mtoto wa miaka mitatu, Ujerumani, mwezi wa kwanza, saa moja asubuhi na giza bado totoro. Boksi halijiviringishi sakafuni kama pweza ukilivalisha soksi.

Na sisi eti ni mabingwa wa kuvalisha. Dar es Salaam jua linawaka digrii 30, mtoto ana sweta, mzula na blanketi, na bado bibi anauliza mbona miguu iko wazi. Kwa uzoefu huo ungedhani baridi ya Wajerumani tungeiweza. Wapi! Kule tunavalisha kwa imani. Huku ni kwa hatua, na ukiruka moja unavua vyote na kuanza upya.

Hatua ya kwanza ni chooni. Usimuulize kama anataka kukojoa, maana jibu ni hapana tangu enzi za Nuhu. Mpeleke, mkalishe, subiri, imba kama ni lazima. Halafu fulana ya ndani na taiti. Ndiyo, taiti, hata kwa wa kiume. Mjomba aliyeko Morogoro akiiona picha na kuanza kuhoji kijana analelewaje, mwambie kipimajoto kinasoma digrii 8 chini ya sifuri, kisha umwache apige hesabu mwenyewe. Fulana ya pamba ni mtego: ikishalowa jasho haikauki upesi, na mtoto akiacha kukimbia tu, mgongo unapoa. Ya sufu laini (manyoya ya kondoo) hushika joto hata ikiwa na unyevu, ila ukiangalia bei unatamani uivae wewe.

Juu yake sweta, suruali ya theluji, buti, glovu, koti, kofia. Kwa mpangilio huohuo, msishindane na mimi. Buti hutangulia koti kwa sababu aliyekwisha kuvaa koti nene hainami tena, anasimama tu mikono imetanuka. Glovu nazo hutangulia koti ili mkono wa koti uzifunike, theluji isipenye kwenye kifundo. Ziwe zile za gumba peke yake na vidole vinne chumba kimoja, vipashane joto. Za vidole vitano mnunulie akiingia chuo kikuu.

Mzazi naye awe ameshavaa, funguo mfukoni. Ukimvalisha mtoto kwanza ndipo uanze kutafuta simu, unamchemsha, kisha unamtoa na jasho lake kwenye baridi. Na ni hapo, zipu imefika kidevuni, ndipo anapokumbuka kwamba kumbe mkojo upo.

Sasa kinachoniudhi zaidi si kwamba huku kila kitu kina sheria. Kinachoniudhi ni kwamba kila sheria ina sababu, na sababu yenyewe ukiisikiliza ni ya kweli, basi hata kugomba unakosa pa kuanzia. Umemfunga mtoto skafu aliyofuma shangazi yake? Mwalimu wa chekechea anaivua mlangoni: ikinasa kwenye bembea au mtelezo inamnyonga. Atavaa kola ya kupitisha kichwani. Kamba za kofia ya koti? Kiwango cha Ulaya kilishazikataza kwenye nguo za watoto wadogo, kwa hatari hiyohiyo, kwa hiyo koti ulilotumiwa na ndugu likiwa na kamba, zichomoe. Gari nalo: kiti maalumu ni lazima mpaka atimize miaka 12 au afikishe sentimita 150, na lile koti ulilohangaika nalo robo saa unalivua tena, kwa kuwa mkanda ukipita juu ya koti nene unaonekana umekaza kumbe haujakaza. Gari likigonga, koti linabonyea na mtoto anachomoka. Mfunge mkanda kwanza, halafu mfunike kwa koti au blanketi. Bishana na hilo kama unaweza!

Suruali ya tope ni sura nyingine. Huku mvua haimrudishi mtoto ndani, wanatoka nayo. Anavaa ovaroli ya mpira yenye mikanda ya mabegani, na chini kuna utepe wa kupita chini ya soli. Mguu wa ovaroli unakaa NJE ya gambuti. Ukiuchomeka ndani umetengeneza mfereji, maji yote ya uwanja yanashukia kwenye soksi, na jioni unakabidhiwa mfuko wa plastiki wenye nguo zinazodondosha maji. Andika jina kwenye kila kitu, pamoja na kila upande wa gambuti. Za bluu namba 26 ziko pea saba pale mlangoni.

Namba za nguo, angalau, zina akili: ni urefu wa mtoto kwa sentimita. 98, 104, 110, zinapanda sita sita. Ovaroli unaweza kuchukua namba moja juu ikae msimu mwingine. Buti usijaribu kubahatisha. Mbele ya kidole gumba ibaki nafasi ya milimita 12 hivi, na buti likibana ukaongeza soksi ya pili, miguu ndiyo inazidi kupoa, maana hewa ya kushika joto haina pa kukaa. Posho ya mtoto inayotolewa na serikali ilikuwa euro 255 kwa mwezi mwaka 2025, ukiisikia kutoka Tanga unadhani tunaogelea. Buti na ovaroli zinachungulia tu, posho imeshika njia. Dawa ni minada ya mitumba ya watoto inayofanywa makanisani na chekechea, majira ya kuchipua na ya vuli. Wahi inapofunguliwa, suruali za theluji ndizo zinaisha kwanza.

Chekechea yenyewe huingii kwa kubisha hodi. Tangu tarehe 1 Machi 2020 sheria inataka uthibitisho wa kinga ya surua, kwa hiyo ile kadi ya kliniki ya nyumbani itunze kama hati ya kiwanja. Halafu unaambiwa mtoto azoeshwe. Kwa mtindo wa kuzoesha unaoitwa wa Berlin, unakaa naye darasani kama saa moja, siku tatu, kwenye kile kiti kidogo ambacho magoti yanakufikia masikioni. Siku ya nne ndipo unaaga na kutoka, nusu saa isizidi. Siku ya nne ikiangukia Jumatatu, mnasogeza hadi Jumanne, kwa sababu wikendi imeshamrudisha nyuma. Hilo kamweleze msimamizi wako wa ghala.

Akizoea, anaugua. Akitapika au kuharisha, harudi mpaka saa 48 zipite tangu dalili ziishe. Kwa 2024 na 2025 mzazi mwenye bima ya umma alipewa ruhusa ya siku 15 za kazi kwa mwaka kumuuguza kila mtoto, na 30 ukilea peke yako, ila cheti cha daktari ni tangu siku ya kwanza. Usiseme utamtuma jirani amchukue saa kumi jioni. Asiyeandikwa jina kwenye fomu hapewi mtoto, hata kama mtoto mwenyewe anamrukia kwa furaha.

Ndiyo maana watu wanamtaka bibi aje. Viza ya Schengen, ile ya kutembelea Ulaya kwa muda mfupi, ni siku 90 ndani ya kila siku 180, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na mara nyingi wewe mwenyeji unasaini kwa mamlaka kwamba gharama zake zote ni zako. Maombi yanaanza kupokewa miezi 6 kabla ya safari, basi anza mapema. Na usimlete Desemba akashangae theluji dirishani. Mlete kiangazi, chekechea inapofunga wiki mbili au tatu na likizo yako imeshaliwa na kuharisha.