Kabla ya Geneva, Waletwe Kigoma

Kila Ikulu inapotangaza mabalozi wapya, mjadala hapa kwetu Mwanga, mjini Kigoma, hauzidi siku mbili. Nani kapata London, nani kapelekwa Beijing, na yule waziri aliyeachwa kwenye baraza kapewa nchi gani ya kwenda kupumzikia. Kisha tunarudi kwenye bei ya mawese. Kinachoniudhi ni kwamba mjadala huo unamsahau anayeifanya kazi yenyewe: afisa aliyeingia Wizara ya Mambo ya Nje akiwa kijana, akaanza ubalozini kama katibu wa tatu, akapanda ngazi moja moja, akaandika ripoti ambazo wakubwa walizitia saini, na ubalozi wenyewe akaupata mvi zimeshaanza kuingia.

Afisa wa namna hiyo, mimi ningemleta Kigoma mwaka mzima kabla hajapewa tiketi ya Geneva au New York.

Tuanze na ziwa. Mei 15, 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Nyuma ya uamuzi huo kuna mkataba uliosainiwa Dar es Salaam mwaka 2003, na kuna Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Kwenye karatasi mambo yamenyooka. Lakini ungeshuka mwaloni Katonga, hapa Kigoma, wakati ule ungekuta mitumbwi imevutwa mchangani, taa zimefungwa ndani ya salfeti, vichanja vya kuanikia dagaa vitupu, na mama aliyezoea kununua dagaa kwa ndoo amepanga mafungu ya nyanya. Wavuvi hawakuwa wakibishana kuhusu sayansi ya mazalia ya samaki. Walitaka kujua jambo moja tu: na wenzetu wa ng'ambo, nao wameacha kuvua kweli?

Swali hilo ndiyo diplomasia yenyewe, na pale mwaloni hapakuwa na wa kulijibu. Bwana samaki angeweza kueleza habari za nyavu. Kueleza nini hufanyika nchi moja ikikiuka, nani analalamika kwa nani, na kikao cha mawaziri kinakaa lini, hiyo ni kazi ya mtu wa mambo ya nje. Kijana aliyewahi kuzomewa Katonga akijaribu kulijibu ataandika vifungu vya usimamizi kwa uangalifu zaidi siku atakapokabidhiwa rasimu ya mkataba.

Na si leo tu ambapo mji huu umejadiliwa mezani na watu wasioishi hapa. Mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi (leo Rwanda na Burundi) ipite, kwa pango la faranga moja kwa mwaka. Bila ukomo. Faranga moja! Tarehe 30 Novemba 1961, siku chache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliliambia Bunge kwamba Tanganyika huru haitabanwa na mpango ule, kwa kuwa aliyeutoa hakuwa na haki ya kuigawa nchi baada ya yeye mwenyewe kuondoka. Msimamo wake kuhusu mikataba iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni unafundishwa hadi leo kwenye sheria za kimataifa, tena kwa jina lake. Wanafunzi wa Chuo cha Diplomasia pale Kurasini bila shaka wanausoma. Ningependa wausome wakiwa gatini Kigoma, mzigo wa Bujumbura na wa Kalemie, bandari ya Kongo ng'ambo ya ziwa, ukipakiwa mbele ya macho yao.

Watu wakitaka mfano wa mwanadiplomasia, wengi humtaja Salim Ahmed Salim. Balozi wetu Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22, muongo mzima Umoja wa Mataifa, kisha Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) kuanzia 1989 hadi 2001. Ni mkubwa kweli, ila mtu aliyekuwa balozi kwenye umri huo hatusaidii kupanga njia ya kawaida. Mimi hupenda kumtaja Liberata Mulamula. Aliingia wizarani akiwa kijana, akapita New York kwenye uwakilishi wetu, akapita Ottawa, akarudi makao makuu. Baadaye akawa balozi Washington, Katibu Mkuu wa wizara, na mwaka 2021 Waziri wa Mambo ya Nje. Wanaosimulia maisha yake hukimbilia Washington na uwaziri. Mimi naona kazi yake nzito ilikuwa hapo kaskazini mwa ziwa letu, Bujumbura, alikokuwa Katibu Mtendaji wa kwanza wa Mkutano wa Kimataifa wa Maziwa Makuu, jumuiya ya nchi za ukanda huu, kati ya 2006 na 2011.

Hebu fikiria alichokabidhiwa. Nchi 11, baadhi yao zilikuwa zimepigana vita muda si mrefu uliopita, na sekretarieti ambayo ndiyo kwanza inaanza. Mji wenyewe ulikuwa bado unajifunza kulala bila milio ya risasi, kwa maana kundi la mwisho la waasi wa Burundi liliweka silaha chini mwaka 2009. Wakati wake wakuu wa nchi walikutana Lusaka, Desemba 2010, wakakubaliana kuhusu kuthibitisha asili ya madini ya ukanda huu, dhahabu na koltani zikiwemo, ili yasiendelee kulisha vikundi vya silaha. Utekelezaji umekwenda kwa kusuasua, hilo silifichi. Lakini kuwafikisha watu wale kwenye meza moja na kuwaondoa wakiwa wamesaini ni ufundi, na ufundi huo haupatikani kwa kuteuliwa tu.

Ndiyo maana ubalozi wa kumpa mtu apoe huwa unanikera. Wapo wanasiasa na majenerali waliofanya vizuri, nakubali, na Rais ana haki ya kumteua amtakaye. Tatizo ni kijana aliyeko ngazi ya katikati akiona kila mwaka kiti cha juu kinachukuliwa na mgeni. Naye huanza kutafuta kazi Umoja wa Mataifa, na huwezi kumlaumu.

Jambo jingine ambalo Kigoma ingemfundisha ni kasi. Mei 2015, jaribio la mapinduzi lilipotokea Burundi, Rais Nkurunziza alikuwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa Afrika Mashariki. Wakati huohuo maelfu kwa maelfu ya watu wake walikuwa wamebanana Kagunga, kijiji chetu cha mpakani chenye mlima mgongoni na maji usoni. Barabara haikuwepo. Kipindupindu kikaingia. MV Liemba, meli iliyoundwa na Wajerumani kabla ya Vita vya Kwanza, ndiyo iliyokuwa ikienda kuwachukua, mamia kila safari. Walishushwa Kigoma mjini, wakapitia Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapakiwa mabasi kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Wengi waliongea Kirundi na Waha, wenyeji wa Kigoma, wakawaelewa bila mkalimani. Afisa ambaye angekuwa na sisi wiki zile asingehitaji semina ya sheria ya wakimbizi.

Najua nitaambiwa Kigoma ina Uhamiaji, ina ofisi ya Mkuu wa Mkoa, na ina mashirika ya kimataifa ya kutosha. Kweli. Burundi na Kongo nazo zina konseli zao mjini hapa, na makonsuli wake wanajua sana bei za mwaloni Kibirizi na majina ya wenye boti. Sisi kwa upande wa pili tumejipanga vipi? Mfanyabiashara wa Ujiji akipata matatizo Kalemie au Uvira, ubalozi wetu uko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Konseli yetu ya Lubumbashi imesaidia watu wa malori na shaba. Watu wa boti bado. Ofisi ndogo Kalemie, yenye afisa mmoja, karani na muhuri, ningeianzisha kabla ya kufikiria ubalozi mwingine Ulaya.

Gharama ya kuwaleta vijana Kigoma wala si kubwa. Treni ipo, na vyumba vya kupanga vipo Mwanga na Katubuka. Zamani wangeweza kusingizia umeme, lakini Oktoba 2022 tuliunganishwa gridi ya taifa na majenereta yakazimwa.