Vijana Wakabidhiwe Bwawa, Si Reki

Mgeni ukimsimamisha kando ya Nairobi Dam bila kumwambia yuko wapi, atadhani ni malisho. Kijani kitupu. Kumbe ni bwawa, lililojengwa mwaka 1953 ili jiji lipate maji ya kunywa. Kwa miaka mingi watu walikuja hapa kuvua samaki na kuendesha mashua za tanga, na klabu yao walikuwa nayo. Leo sehemu ambayo haijajaa udongo na kugeuzwa shamba la nduma imefunikwa na magugumaji.

Jumamosi moja nilijiunga na usafi ulioandaliwa pale. Fulana mpya, glavu, chupa za maji, wapiga picha wawili, na vijana wa Kibera, mtaa wa mabanda ulio kando ya bwawa, wengi kuliko reki zilizokuwepo. Niling'oa gugu moja. Bua lake limefura kama kitunguu, na ndani ni hewa tupu, ndiyo maana linaelea. Chini yake mizizi myeusi kama nywele zilizofumuliwa, na ndani ya mizizi hiyo pakiti ya maziwa, kipande cha ndara, na tope lenye harufu iliyobaki mikononi hadi Jumapili. Kijana aliyekuwa kando yangu, maji yakimfika magotini, akacheka.

"Mzee, hilo ukilitoa leo, mwezi ujao utalikuta na wajukuu."

Alilijua jambo hilo kuliko waandalizi. Gugumaji, mgeni kutoka Amerika Kusini, likipata joto na chakula huongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Na chakula hapa halikosi: Mto Motoine na vijito vya Kibera huleta majitaka usiku na mchana, kwa sababu sehemu kubwa ya mtaa haina bomba la kuyapeleka kwingine. Kung'oa magugu bila kugusa mitaro ile ni kumpangusa kamasi mtoto mwenye mafua.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "tuwahusishe vijana", nauliza: kwa lipi? Mara nyingi mpango umeshapikwa ofisini, mkandarasi ameshapatikana, na kijana anaitwa siku ya mwisho, mwisho wa mtaro, ashike reki. Kazi Mtaani ya 2020, mpango wa serikali wa kuwapa vijana kazi za usafi wakati wa korona, angalau iliwalipa. Mtaro wa karibu na kwangu ulizibuliwa ukapitisha maji vizuri. Mpango ulipokwisha ukajaa tena, kwani hakuna kijana aliyeachiwa mamlaka ya kumwambia jirani asitupe taka pale.

Mifano ya kufanya vingine tunayo hapahapa. Korogocho, mtaa mwingine wa Nairobi, vijana wa kikundi cha Komb Green Solutions, baadhi yao waliokuwa wameacha uhalifu, waligeuza jalala la kando ya Mto Nairobi kuwa bustani ya watu. Kibera penyewe, tangu 2006, vikundi vya wakazi vimekuwa vikishirikiana na shirika la usanifu la Kounkuey Design Initiative kutengeneza viwanja kando ya vijito, vikiwa na vyoo na nafasi za biashara, na wakazi wenyewe ndio wanaoviendesha.

Basi kikundi kipewe kijito kizima, kuanzia vyooni hadi kinapomwagika bwawani, kwa mkataba wa miaka, si wa Jumamosi. Kilipwe kwa choo kinachofanya kazi na taka zilizokusanywa nyumba kwa nyumba. Na siku bwawa likifufuka, vijana wawe na fungu lao katika mashua na samaki, liandikwe mapema kabla wenye suti hawajafika. Wale wakulima wa nduma nao itabidi kuzungumza nao, na atakayesikilizwa ni mtoto wao, si afisa mwenye kipaza sauti.

(Wapo wanaotaka magugu yafanywe mbolea. Kusuka vikapu, sawa, Kisumu wanasuka. Lakini gugu hili hufyonza madini mazito kama ya risasi. Sukuma wiki yangu mniwekee mbali.)

Saa sita wapiga picha waliondoka. Lori la kubeba magugu halikuja. Nilipopita wiki iliyofuata, lundo letu lilikuwa bado ukingoni, juu limekauka rangi ya majani ya chai. Kwa chini, pale lilipogusana na maji, lilikuwa limeanza kuchipua.