Ekari ya mzee, viwanja vya wasomi

Nimechoka kusikia kwamba mtaa fulani pembezoni mwa Manispaa ya Tabora una bei kubwa "kwa sababu wanakaa wasomi". Madalali wanaipenda kauli hiyo. Ulizia kiwanja upande wa Malolo au Itetemia: kabla hujaambiwa ukubwa, utaambiwa jirani mmoja ni daktari na mwingine mhadhiri.

Marekani hoja hiyo ina mashiko. Kule shule za umma hutegemea kwa sehemu kubwa kodi ya majengo ya eneo lenyewe. Nyumba za bei kubwa huleta shule nzuri, shule nzuri huvuta wazazi waliosoma, bei inapanda tena. Kwetu mshahara wa mwalimu hutoka serikali kuu, si kwenye kodi ya nyumba za mtaa. Shule ya Wavulana Tabora, alikosoma Mwalimu Nyerere, imepokea vijana wa bweni kutoka nchi nzima miaka nenda rudi. Wakimaliza, wanaenda zao.

Kinachopandisha bei hapa ni kupimwa. Kiwanja chenye mawe ya mipaka na mchoro uliopitishwa kinapata hati, na hati inakubalika benki. Mwenye mshahara anakopa, anajenga. Msomi anafika bei ikiwa imeshapanda.

Elimu yenyewe hufanya kazi mapema zaidi, siku shamba linapouzwa, na hapo ndipo roho inaniuma. Nilikuwepo ofisi ya mtaa baba mdogo alipouza ekari yake ya mihogo. Karatasi ya mauziano ilikuwa na mistari michache, mipaka ikatajwa kwa mwembe na kichuguu, naye akaweka dole gumba. Mnunuzi hakuomba hata kupunguziwa. Hesabu alikuwa nayo: ekari ni zaidi kidogo ya mita za mraba 4,000; ukikata 20 kwa 20 na kuacha barabara, unapata viwanja saba au vinane. Baba mdogo aliuza shamba, mwenzake akanunua viwanja, kwenye meza ileile. Leo bei ya viwanja viwili inapita alicholipwa kwa ekari nzima.

Tangu reli ya SGR ianze kujengwa huku, madalali wanawafuata wazee mpaka mashambani. Na huu ndio mji wenye Chuo cha Ardhi, kinachofundisha vijana fani za ardhi! Manispaa iwaite wenye mashamba ya pembezoni kabla madalali hawajawafikia, mashamba yapimwe yakiwa bado mikononi mwao. Asiye na fedha taslimu amlipe mpima kwa kiwanja kimoja, vilivyobaki auze mwenyewe, kimoja kimoja, kingine ajengee wanawe. Na mwenyekiti wa mtaa, kabla hajagonga muhuri, amuulize muuzaji mbele ya mashahidi: mzee, unajua humu vinatoka viwanja vingapi?