Kahawa ya Wenyewe

Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Kahawa nimeinusa kabla sijaota meno: baba amenipakata barazani, muuza kahawa anapita na dele lake la shaba, makaa mekundu chini, vikombe vinalia mkononi ka-ka-ka. Kwa hiyo shemeji yangu aliponiambia, mwaka ule tulipomtembelea Miami, "Shemeji, kahawa ya Wakuba uiendee polepole," nilicheka sana. Nikamwambia kahawa chungu mimi napiga vikombe saba kwa tende mbili, na usingizi nalala.

Maneno hayo niliyasema mbele ya mke wangu, mtu asiyesahau.

Shemeji akatupeleka kwenye mkahawa mdogo pembeni mwa Calle Ocho, yaani Mtaa wa Nane, pale wanapopaita Little Havana. Wa familia kwelikweli: nyanya yuko jikoni, mwanawe yuko kwenye pesa, mjukuu wa kike anahudumia meza, na babu kazi yake ni kukaa karibu na mlango akiwakosoa wote watatu. Ukutani picha ya Malecón, ule ukuta wa baharini wa Havana, wimbi limeruka mpaka barabarani. Nikakumbuka ufuo wetu wa Mama Ngina, Mombasa, wakati wa kusi.

Mjukuu akaja na kalamu yake. "Dime, mi amor," akaniambia, yaani "niambie, mpenzi wangu."

Mke wangu Kihispania hajui, lakini "amor" aijua vizuri. Tulipooana zilikuwa zama za tamthilia za Mexico. Akaweka glasi ya maji mezani taratibu, kama mtu anayeweka silaha karibu. Shemeji akamuwahi: "Dada, huyu humwita hivyo hata mzee wa taka." Bahati nzuri mjukuu akamgeukia yeye naye akamwita mi amor, shauri likaisha.

Orodha ya chakula ilikuwa na mambo yake. Sahani inayopendwa kuliko zote inaitwa ropa vieja, maana yake nguo kuukuu. Ni nyama ya ng'ombe iliyochemshwa mpaka ikachambuka nyuzi nyuzi kama tambara. Mke wangu akauliza kwani tumesafiri bahari mbili kuja kula kilichojaa kabatini kwangu. Kisha ikaja moros y cristianos, Wamoro na Wakristo: maharage meusi ndio Waislamu, wali mweupe ndio Wakristo, wote chungu kimoja. Nikafurahi, nikasema hiyo ndiyo yetu. Shemeji akaninong'oneza kwamba hapo Wamoro wanaungwa kwa nguruwe. Tukawaacha na dini yao, tukaagiza kamba wa mchuzi mwekundu.

Lakini muhogo! Muhogo wa kuchemsha, laini, umemwagiwa mafuta ya moto yenye vitunguu saumu na maji ya danzi. Danzi, bwana, lile lile ambalo kwetu laangukia uani watoto wakapigia mpira. Nilikula sahani yangu, nikala ya mke wangu, nikaanza kuitazama ya shemeji. Nyanya akawa ananichungulia kwenye kidirisha cha jikoni na kutikisa kichwa kwa raha. Kumbe nilikuwa nimeshapendwa, na sijui.

Kwa kidirisha hicho hicho ndipo nilipomuona akitengeneza kahawa. Aliteka matone ya mwanzo tu, yale mazito yanayotangulia, akayamimina kwenye kikombe chenye sukari (sukari hasa, si ya kuhesabu kwa kijiko) akaanza kupiga. Akapiga, akapiga, mpaka ikawa povu rangi ya maziwa ya chai. Halafu ndiyo akaitia kahawa yenyewe, povu likapanda juu. Nikajua huyu ni mtu wa kazi.

Namba nyingi za simu za Miami huanzia 305, basi wenyeji wana utani wa kusimamisha kila kitu wanywe kahawa saa yao inaposoma 3:05 mchana. Kwa Kiswahili utani huo haunogi. Kwetu hiyo ni saa tisa na dakika tano, na saa tisa mtu wa Mombasa amelala.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Shemeji alitoka kwenda kuongeza pesa za maegesho. Mke wangu na wifi yake wakaenda msalani, na wanawake wawili wakienda msalani pamoja wewe jipe nusu saa. Nikabaki peke yangu. Nyanya akaja na bilauri ya karatasi imejaa kahawa, povu juu, na kando yake mnara wa vikombe vidogo vya plastiki, kila kimoja hakizidi kile cha kupimia dawa ya kikohozi. Akasema sentensi ndefu sana, huku akininyooshea kidole mimi, akajinyooshea yeye, akaonyesha mlangoni. Kihispania changu chote ni maneno matatu, nikayatoa yote: "Sí, sí, gracias," ndiyo, ndiyo, asante. Akaondoka anatabasamu.

Nikaonja. Subhanallah! Ilikuwa halua iliyoyeyushwa. Nikapiga funda la pili, la tatu. Nikajiambia hii ndiyo kahawa ya kutishiwa mtoto wa Mji wa Kale? Nikamaliza, nikalamba povu lililobaki ukingoni. Vile vikombe nikavitafakari, nikaona ni zawadi. Mtoto wetu ana kifua, na kikombe cha dawa kilipotea tangu Ramadhani. Nikavitia mfukoni vyote.

Nyanya akarudi. Safari hii amevua aproni, amechana nywele, amebeba kigoda chake. Nyuma yake babu na mkongojo. Nyuma ya babu, mwanawe, amefunga sanduku la pesa. Shemeji akaingia, wanawake wakatokea, viti vikavutwa. Watu saba tumezunguka bilauri moja. Nyanya akainyanyua amimine. Akaiinamisha. Akaiinamisha zaidi. Likadondoka tone moja juu ya kitambaa cha meza, nasi sote tukalitazama likisambaa.

Babu akachungulia ndani, akanitazama. "¿Todo?"

Yote? Hata mimi hiyo niliielewa. Lakini ulimi ulikuwa na maneno yake matatu: "Sí, sí, gracias."

"Shemeji," shemeji akasema, sauti ya msibani, "hiyo yaitwa colada. Ni ya watu watano au sita. Amekwambia umngoje amuite mzee mje mnywe pamoja." Akatazama mezani. "Na vikombe?"

Nikavitoa mfukoni kimoja kimoja. Cha nne kilikuwa na uzi wa suruali.

Mke wangu akafunika uso kwa mtandio. Babu ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka mkongojo ukaanguka, na alipopata pumzi akasema neno ambalo shemeji alilitafsiri kwa shida. Mzee huyo alitoka Kuba mwaka 1980, kwenye ule msafara wa bandari ya Mariel, watu kama 125,000 ndani ya miezi michache, mashua zimeshona. "Mashua nzima tulikuwa na dumu moja la maji," akasema, "na hata hilo tuligawana."

Kahawa ikaanza kunidai tukiwa garini. Kwanza masikio yakapata moto, kisha ulimi ukafunguka. Nilimweleza shemeji jinsi kisima kinavyochimbwa, na mimi kisima sijachimba. Moyo ulikuwa unapiga chakacha, na si ya mwanzo, ile ya alfajiri bi harusi ameshachoka. Usiku nilikunja nguo zetu, nikakunja za shemeji, nikazikunjua nikazikunja upya. Saa tisa usiku nikampigia mama; Mombasa ilikuwa saa nne asubuhi.

"Mbona wasema mbio kama dalali?" akauliza. "Umelala kweli?"

"Kahawa, mama."

"Vikombe vingapi?"

"Kimoja."

Akakata simu akidhani namfanyia mzaha. Chumbani nikamsikia mke wangu gizani: "Saba kwa tende mbili."

Jumapili iliyofuata shemeji alitulazimisha kurudi. Nyanya alikuwa ametuulizia. Tukala muhogo. Mwisho akaja na bilauri yake, akaketi kabisa kabla ya kuiweka mezani, akamimina vikombe sita huku mkono wa pili umeikinga upande wangu. Kisha akapiga makofi kumuita mjukuu, na mjukuu akaniletea yangu, glasi ndefu ya maziwa ya vuguvugu. "Mi amor," akasema, na safari hii mke wangu ndiye aliyecheka kwa nguvu kuliko wote.

Juu ya maziwa nyanya alikuwa ameniwekea kijiko kimoja cha povu.